Kilima cha Wakwe Zangu Katika Daftari la Boma

Macho yangu yameniachisha kazi kabla serikali haijapata nafasi ya kuniachisha. Jicho la kushoto limefunikwa na utando, na la kulia linasoma herufi zikiandikwa kubwa kama ndizi. Bwana Shauri wa sasa, Mjerumani mkuu wa boma, aliniita ofisini, akanipa mkono, jambo ambalo hakuna hata mmoja wa waliomtangulia aliyewahi kulifanya, akaniambia nikapumzike. Furaha yangu ilidumu kutoka kwenye meza yake hadi mlangoni. Nje nilikuta vijana wamefungwa kamba, mmoja nyuma ya mwenzake, wapagazi wa vita wanaosubiri kupelekwa Kisaki. Mmoja akaniamkia, "Shikamoo, Bwana Karani," nami nikaitikia marahaba kama mtu aliyekuwa na haki ya kuitikia.

Ninyi makarani vijana mnaobaki mliniomba niwaachie maneno machache ya kazi. Vyeo vyangu sitavitaja. Vilikuwa vichache na kila kimoja kilimaanisha kuandika zaidi. Namna ya kuchanganya wino nitawaambia, kwa kuwa nimeona mnavyouharibu. Lakini lipo jambo jingine ninalotaka liwe kwenye karatasi kabla jicho la kulia halijalifuata la kushoto. Linahusu kilima cha wakwe zangu huko Uluguru, na namna mkono wangu ulivyokitoa mikononi mwao.

Nilikuja Morogoro kwa miguu, kabla reli haijafika hata Ngerengere. Mimi ni Mzaramo, na wakati huo nilikuwa nimetoka skuli ya serikali pwani nikiwa na Kijerumani cha kutosha kuelewa matusi yote na maombi machache. Nilijiona msomi. Nilikuwa na viatu, ambavyo nilivibeba mkononi safari nzima ili visichakae, nikavivaa nilipoliona boma kwa mbali. Miguu ilikuwa imevimba. Niliripoti kazini nikichechemea kama mbuzi aliyechomwa mwiba, na Bwana Shauri wa siku hizo akauliza kwa nini pwani wanamletea vilema.

Aliyenipokea alikuwa Mzee Athumani, karani mkuu, mtu wa Bagamoyo, mwembamba, mwenye kikohozi. Alikuwa ameandika kwa herufi za Kiarabu nusu ya maisha yake, kisha Wajerumani walipokuja akajifundisha za Kizungu kwa kunakili maandishi ya masanduku ya bidhaa. Hadi kufa kwake herufi zake zilisimama wima kama mbao za sanduku. Yeye ndiye aliyenifundisha wino: unga kwanza, maji ya moto kidogo kidogo, na koroga kwa kijiti cha mwanzi, kamwe usikoroge kwa kalamu yenyewe. Huku milimani ukungu huingia mpaka ndani ya sanduku, kwa hiyo daftari hufungwa kwa turubai na ukurasa mpya hufunguliwa chini ya paa tu. Karatasi ya kunyonya wino ikiisha, tumia majivu makavu yaliyochekechwa. Mchanga unakwaruza.

Siku ya kwanza alinionyesha daftari nililokuwa nimeliandika asubuhi nzima, akaweka kidole kwenye mahali nilipoacha wazi.

"Hapa pana nini?"

"Hapana kitu, mzee. Yule bwana hakujua jina la babu yake."

"Basi andika kitu. Usiache nafasi wazi kwenye daftari la serikali. Nafasi wazi ni mdomo. Usipoulisha wewe, atakuja mwingine aulishe anachotaka."

Nililishika neno hilo kama aya. Ni neno la busara, na ndilo lililoniangamiza, kwa hiyo ninyi mlipime wenyewe.

Mwaka wa tatu nilioa. Zena ni Mluguru wa milimani. Alikuwa akishuka mjini na mama yake kuuza maharage. Watu wa pwani waliniambia ninaoa mbali. Kumbe nilikuwa ninaoa karibu mno, maana Wazaramo na Waluguru ni watani, na siku ya kupeleka posa nilitukanwa tangu mlangoni. Aliyeongoza matusi alikuwa Mzee Kobelo, mjomba wake Zena, ndugu wa mama yake, mkubwa wa ukoo wao.

"Mzaramo huyu anaandika," akawaambia wenzake bila kunitazama. "Tumezoea Mzaramo mwizi wa kuku. Huyu ni aina mpya. Ataiba kuku, kisha ataandika kwamba alikuwa wake."

"Na ninyi nimewaonea huruma," nikamjibu. "Mtu akizaliwa kwenye mteremko, mguu mmoja huwa mrefu kuliko mwingine. Bondeni hamuwezi hata kusimama wima."

Wakacheka, nikapewa mke.

Lazima nieleze jambo moja hapa, kwa sababu wengi wenu ni watu wa pwani na mtalikosea kama mimi. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, wao wanauita lukolo. Ardhi ni ya lukolo. Wanawake ndio wanaolima, mjomba ndiye anayeiangalia na kuigawa, na mume ni mtu aliyekuja kukaa. Atalima, atakula, ataheshimiwa. Mke akifa, anarudi kwao. Mimi sina udhuru wa kutojua hayo, maana mama yangu mwenyewe aliishi hivyo kwao bara, na nyumba niliyozaliwa ilikuwa ya mjomba. Skuli ndiyo iliyonisahaulisha. Walitufundisha kwamba kila kitu duniani kina mwenyewe, mwenyewe ni mwanamume, na mwanamume huyo ana baba. Nilitoka huko nikiona mambo ya mama yangu kuwa ya kishamba.

Tulizaa mtoto mmoja, Mwanaidi. Alikufa kwa homa akiwa hajang'oka hata jino moja. Mjini kuna makaburi mazuri, lakini hakuna aliyeniuliza. Mzee Kobelo alishuka na vijana wanne, wakambeba mtoto wao, wakampandisha kilimani kwao, akazikwa pembeni ya bibi zake waliomtangulia. Nilifuata nyuma na viatu mkononi. Kaburini nilitazamiwa kulia nikalia, na watani wakanizuia kwa utani wao, mmoja akaniambia machozi ya Mzaramo yana chumvi nyingi, nitaua migomba. Ndivyo wanavyomshika mtu asianguke. Tangu siku hiyo kilima kile kilikuwa changu kwa njia ambayo haina safu kwenye daftari lolote.

Kisha likaja agizo la kuandika mashamba. Mpima, Mjerumani, alitangulia na mnyororo wake wa kupimia, mimi nikafuata na daftari. Lilikuwa na safu tano: nambari, jina la mwenye shamba, jina la baba yake, mipaka, alama ya kidole. Tulipanda kijiji baada ya kijiji, na kila mahali nilifanya kazi ile ile: kuchukua jibu refu la mlimani na kulikatakata litoshe kwenye sanduku dogo.

Tulipofika kwa wakwe zangu, Mzee Kobelo hakuwepo. Alikuwa amekwenda msibani upande wa Mgeta, safari ya siku mbili. Mvua ilikuwa inakaribia na mpima alikuwa anaumwa tumbo na ana hasira. Niliuliza mwenye ardhi ya kilima ni nani. Agata, dada mkubwa wa Zena, akanijibu akiwa ameshika jembe.

"Wewe shemeji unajua. Ni ya lukolo. Anayeiangalia ni mjomba."

"Mjomba hayupo. Wanataka jina la mtu aliyepo."

"Basi niandike mimi."

Nilimgeukia mpima nikamwambia kwa Kijerumani. Akasema hapana wanawake. Akaniuliza kama nyumba hii haina mwanamume. Alikuwepo Pangrasi, mume wa Agata, mtu mpole, Mkristo, fundi wa kusuka matenga, aliyekuja kukaa. Alikuwa ameketi kizingitini akituchungulia. Nikamwita.

"Mimi?" akauliza. "Mimi ni wa kuja, shemeji."

"Ni jina tu," nikamwambia. "Mjomba akirudi nitalibadilisha. Leta kidole."

Akaleta kidole. Nikaandika Pangrasi, na kwenye safu ya baba nikaandika baba yake, mtu ambaye hakuwahi kukanyaga kilima kile. Hakuna nafasi iliyobaki wazi. Mzee Athumani angefurahi. Mvua ikanyesha, tukashuka, na kesho yake kulikuwa na kijiji kingine. Nilikumbuka kubadilisha jina lile mara nyingi sana, na kila mara ilikuwa jioni, daftari likiwa limeshafungiwa kabatini kwa Bwana Shauri. Mzee Kobelo aliporudi nilimweleza. Akasema, "Mlishe Mzungu jina lolote, ardhi haisomi." Sote wawili tulikuwa wajinga, lakini mimi ndiye niliyesomeshwa.

Agata alikufa kwa uzazi. Pangrasi alimlilia mkewe siku arobaini, akachukua mkeka, shoka na matenga yake, akarudi kwao. Hakuna aliyemfukuza. Hivyo ndivyo ilivyo.

Baadaye mlowezi mmoja akaja bomani na kipande cha ulanga, lile jiwe linalobanduka kama maganda ya kitunguu na kupitisha mwanga. Alikuwa amekiokota kilimani kwa wakwe zangu na akataka kuchimba. Bwana Shauri akafungua daftari, akaona jina, akamtuma askari amlete mwenye shamba. Pangrasi akaletwa. Mzee Kobelo akasikia, akashuka mwenyewe na wazee watatu, wakaketi barazani. Mimi nilisimama katikati, mkalimani, mdomo wa wote wawili.

Ningeomba mwelewe vizuri kilichotokea, maana watu mjini wanasimulia kwamba Pangrasi aliuza kilima. Hakuuza. Bwana Shauri alimwuliza kama shamba ni lake, na Pangrasi, ambaye angeweza kusema ndiyo na kukataa kulitoa, akasema kweli.

"Si langu, Bwana. Mimi nilikuwa mume tu."

Nikafasiri. Bwana Shauri akauliza basi ni la nani. Mzee Kobelo akasimama, akaeleza lukolo, bibi, bibi wa bibi, makaburi, mpaka wa mto na mpaka wa jabali. Alisema vizuri sana. Nilifasiri neno kwa neno na nikayaona maneno yakifika kwa yule mtu na kuanguka. Aligeuza ukurasa huku na huku. Kisha akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kufasiri barazani pale, swali likawa langu.

Aliniuliza kwa Kijerumani: siku ulipoandika, alikuwepo mtu mwingine aliyedai ardhi hii?

Agata alikuwa amesema, "Niandike mimi." Alikuwa amesema ni ya lukolo, anayeiangalia ni mjomba. Kama ningejibu ndiyo, ningekuwa nimekiri kwamba niliandika uongo katika daftari la serikali. Adhabu yake niliijua kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikiziandika adhabu: hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano, uwanjani, mbele ya watu, halafu mnyororo wa shingo. Nilikuwa nimevaa shati jeupe siku ile. Nakumbuka niliwaza shati.

Nikajibu kwa Kijerumani: hapana, Bwana.

Akafunga daftari. Akasema aliyeandikwa ameikana ardhi, na hakuna mwingine aliyeidai wakati wa kuandika, kwa hiyo ni ardhi isiyo na mwenyewe, na ardhi isiyo na mwenyewe ni ya serikali. Mlowezi atapewa. Wenye makaburi wanaruhusiwa kuyahamisha. Nikafasiri hayo yote, bila kuacha hata neno moja.

Tulipotoka Mzee Kobelo akanishika mkono. "Mwishoni alikuuliza nini wewe?"

"Aliuliza kama daftari ni sahihi."

"Ukasemaje?"

"Ningesemaje, mjomba? Daftari ni lao."

Akatikisa kichwa, akanionea huruma. Akanitania hata siku hiyo. Akasema Mzaramo ameibiwa kuku safari hii. Kisha tukapanda kuchimba makaburi. Wale bibi walikuwa wamekwisha kuwa udongo, tukachukua udongo. Mwanaidi alikuwa bado na mifupa. Zena aliiosha mwenyewe mtoni, akaifunga kwenye kanga, na tukaizika bondeni huko huko milimani, kwenye ardhi tuliyoazimwa na ukoo mwingine. Ardhi ya kuazima haina tambiko. Waluguru hawaombi mizimu yao kwenye shamba la watu.

Nilifanya kazi miaka mingi baada ya hapo. Sina la kusimulia kuhusu miaka hiyo ambalo lingewafaa. Niliandika vizuri. Niliaminiwa. Reli ilifika, tukaandika mizigo. Kodi ikaongezwa, tukaandika vichwa. Mzee Athumani alikufa akikohoa mezani, na kalamu yake nikairithi mimi. Kazi yetu, vijana, ni kazi ya mikono safi. Hatupigi mtu wala hatufungi mtu. Tunaandika tu, na aliyeandikwa akishapigwa tunaandika kwamba amepigwa.

Sasa mlowezi wa ulanga amekwenda vitani na mashimo yake yamejaa maji. Mnafurahi, nawasikia. Kila anayetoka upande wa reli analeta habari kwamba Waingereza wanakuja, na mjini watu wananong'ona kwamba boma likianguka kila mtu atarudi kwake. Nimeona masanduku mnayoyapigilia misumari. Madaftari ya mashamba hayachomwi. Yanafungwa kwa turubai kavu, vizuri, kama nilivyowafundisha. Serikali hupigana na serikali, lakini karatasi huachiana. Anayekuja atafungua daftari lile lile, atasoma kwamba kilima hakina mwenyewe, naye ataniamini, kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka. Na wakati huo vijana wa Mzee Kobelo, wana wa dada zake ambao wangekirithi kilima, wako kwenye njia ya Kisaki na mzigo wa risasi kichwani. Watano walikwenda. Mmoja amerudi, na haongei.

Huyo mmoja ndiye aliyenivunja. Nilimwona kwetu, amekaa uani, Zena anamlisha uji kwa kijiko, mwanamume mzima. Nikamwambia Zena pale pale nilichojibu siku ile barazani. Sikupanga. Zena aliendelea kumlisha hadi bakuli likaisha. Akalifuta.

"Kamwambie mjomba," akasema.

Tukapanda siku ya pili, yeye mbele, mimi nimeshika ncha ya kanga yake kwa sababu ya macho. Mzee Kobelo sasa ni mkongwe, anaishi bondeni kwenye ile ardhi ya kuazima. Alituona akaanza utani wake kutoka mbali, kwamba Mzaramo sasa anavutwa kamba kama wapagazi. Nikaketi chini mbele yake nikasema yote: swali, jibu, shati jeupe. Nilisema kwa Kiswahili, kisha nikalirudia lile jibu kwa Kijerumani, ili asikie lilivyo fupi.

Wanawake walioketi karibu waliacha kupukuchua mahindi.

"Ungesema ndiyo," Mzee Kobelo akauliza, "wangetuachia kilima?"

Nilikuwa nimejiuliza swali hilo kila siku, na nilikuwa na jibu lake tayari, jibu la karani. "Sidhani, mjomba. Wangenipiga, na kilima wangekichukua vilevile. Walikuwa wameshautaka ulanga."

"Ndiyo," akasema. "Nami nadhani hivyo."

Nikapumua. Nilidhani yamekwisha.

"Wangekichukua," akasema tena, polepole, kama mtu anayemweleza mtoto. "Wangetuchukulia kilima na kutuhamishia maiti zetu, yote sawasawa. Lakini katika nchi nzima tungekuwa na mtu mmoja aliyepigwa kwa ajili yetu. Hata huyo hukutupatia."

Hakukasirika. Aliagiza niletewe kigoda, akaagiza nichinjiwe kuku, akaniuliza hali ya macho na habari za mjini, akiniita Bwana Karani. Alinihudumia kwa heshima zote anazostahili mgeni kutoka mbali. Nilikula. Zena alikula na wanawake, kisha akasema atabaki kusaidia palizi. Hakusema palizi inaisha lini, na mimi sikuuliza.

Nilishuka na mtu aliyekuwa akipeleka mboga mjini. Alinishika mkono kwenye miteremko mikali na kunitahadharisha penye mawe. Njiani aliniuliza kama nina watu huko juu. Nikamwambia nilikwenda kikazi.